Kuhamisha steshenari kwenda Linux: mafaili kwanza, kompyuta baadaye

Nina steshenari Morogoro, jirani na hosteli za wanafunzi wa chuo. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, tunabaindi ripoti, tunapiga picha za pasipoti, tunatengeneza kadi za mchango na za mwaliko, na tunawasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni: mkopo wa elimu ya juu, ajira serikalini, TIN, namba ya NIDA. Miaka yote kazi hizo zilifanyika kwenye Windows. Sasa kompyuta zote za dukani, isipokuwa moja, zinatumia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. Naandika kwa ajili ya wenye maduka kama langu, walimu wanaosimamia vyumba vya kompyuta na wahasibu wa ofisi ndogo. Wenzangu wa mtaani wananiuliza maswali yaleyale, na majibu yake niliyapata kwa gharama.

Kilichonisukuma ni tarehe. Microsoft ilitangaza mapema kwamba msaada wa Windows 10 ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, inawaka kama kawaida, ila haipati tena apdeti za usalama mpaka ujiandikishe kwenye mpango wa nyongeza ambao nao, kwa mtu binafsi, unaisha Oktoba 2026. Njia iliyozoeleka ni kupanda Windows 11. Lakini Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, na kwa upande wa Intel orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane. Kompyuta zangu ni Dell OptiPlex 7010 za mtumba kutoka Kariakoo, Core i5 za kizazi cha tatu. Ni mashine imara, zinafanya kazi kutwa nzima bila kulalamika, ila kwenye orodha ile hazimo.

Nikapiga hesabu. Kununua za kizazi cha nane, hata za mtumba, ilikuwa zaidi ya laki tano kila moja, kabla ya kugusa leseni. Na hapo kwenye leseni lazima tuseme ukweli ambao wengi wetu tunaukwepa. Steshenari nyingi mtaani zinaendeshwa na Windows na Office za kukreki. Fundi anakuja na flashi, anazima ulinzi wa kompyuta ili aktiveta, yaani kiprogramu cha kuifungua Windows bila leseni, ifanye kazi, analipwa, anaondoka. Kingine kilichoingia pamoja na ile aktiveta hakuna anayekijua. Na sisi ndio tunaoshika vyeti vya kuzaliwa vya watu, namba zao za NIDA, nywila zao za maombi ya mkopo. Jambo hili lilininyima amani kuliko bei ya kompyuta. Mzazi ametoka Kilosa na bahasha ya vyeti vya mwanawe, anakukabidhi bila kuuliza chochote, na wewe unaviskani kwenye mashine ambayo huna uhakika nayo.

Linux si kitu kipya. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na kwa miaka kadhaa walituma CD zake bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwaka huohuo, hapa nyumbani, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo wataalamu wetu walikwisha kuiona njia hii zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kilichokuja kubadilika baadaye ni mahali kazi inapofanyika. Fomu ya mkopo iko kwenye tovuti, ajira ziko kwenye tovuti, TRA iko kwenye tovuti, barua pepe iko kwenye tovuti. Chrome au Firefox ikifunguka, tovuti haijali chini yake kuna nini. Ukiongeza kompyuta nyingi nzima zilizokataliwa na Windows 11, unaelewa kwa nini Juni 2025 takwimu za StatCounter zilionyesha Linux imevuka asilimia 5 ya kompyuta za mezani na laptopu nchini Marekani, na kwa nini jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani liliamua kuhamisha kompyuta za serikali zipatazo 30,000. Hata vijana wa gemu wanaoshika Steam Deck ya Valve, iliyotoka mwaka 2022, wanachezea Linux, pengine bila kujua.

Nilisoma habari za waliohama kabla yangu, na mbili zilinifaa sana. Ya kwanza ni ya Munich. Mji ule uliamua kuhama mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukafikisha zaidi ya kompyuta 14,000 kwenye Linux, kisha mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwamo, lakini yalikuwamo pia malalamiko ya kubadilishana mafaili na ofisi za nje. Ya pili ni ya Gendarmerie, jeshi la polisi la Ufaransa. Wao hawakuanza na kompyuta. Mwaka 2005 waliwahamishia askari wao kwenye OpenOffice wakiwa bado ndani ya Windows. Mwaka 2006 wakawapa Firefox, na Thunderbird ya barua pepe. Ilipofika mwaka 2008 wakaanza kuweka Ubuntu chini yake, na askari wakakuta programu ni zilezile walizokwisha kuzizoea. Mpaka leo bado wapo kwenye Linux.

Nikashika mfano wa Wafaransa. Kama kuna jambo moja tu la kuchukua katika andiko hili, lichukue hilo: hamisha kazi kwanza, mfumo endeshi mwisho.

Tulianza na daftari. Kwa muda binti anayechapa aliandika kila kazi iliyopita mezani kwake: ni faili la aina gani, limefunguliwa kwa programu gani, limetoka kwenye mashine gani. Fanya hivyo na wewe, hata ukiona unazijua kazi zako. Mimi nilidhani steshenari yangu inaishi kwa Word. Daftari lilionyesha kwamba kazi nyingi zaidi ni PDF na tovuti, kazi yenye faida kubwa ni kadi zilizotengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kusanifu kurasa, na kuna wateja wachache wa kudumu wenye Excel nzito. Kila kundi lilihitaji dawa yake.

Kisha tukaweka LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, kwenye Windows ileile, tukaiacha Word pembeni kwa dharura. Hapa ndipo palipokuwa na upinzani. Binti aliniambia, "Dada, mimi hii siiwezi, vitufe vyote vimehama. Wateja watatukimbia." Nilimwelewa. Mkono wake unajua Word ilivyo kwa miaka, na kasi yake ndiyo ugali wake, maana namlipa kwa kurasa. Ukimbadilishia kifaa mtu anayelipwa kwa kurasa, umempunguzia mshahara, hata kama kifaa ni cha bure. Tukakubaliana kwamba katika kipindi cha kujifunza nitamlipa kiwango cha siku, na jioni tukifunga duka nitamlipa muda wa ziada kufanya mazoezi. Hiyo ndiyo gharama ambayo watu wengi hawaiweki kwenye bajeti, na ndiyo iliyookoa zoezi zima. Kama una wafanyakazi, usiwaombe wajifunze kwa hasara yao.

Mambo mawili yalimrahisishia. Kwenye LibreOffice, menyu ya View ina sehemu ya User Interface. Ukichagua Tabbed, vitufe vinajipanga juu kwa mtindo unaokaribia ule wa Word. Na kwenye Tools, Options, Load/Save, General, unaiambia programu ihifadhi kila kitu kama docx bila kukumbushwa. Usipofanya hivyo, mwanafunzi ataondoka na faili la odt na atarudi kesho yake akiwa na hasira kwamba simu yake hailifungui.

Fonti zilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Miongozo mingi ya ripoti za chuo inataka Times New Roman ukubwa wa 12. Linux haiji nayo, inakuja na Liberation Serif, ambayo herufi zake zimepimwa kwa upana uleule, kwa hiyo mistari na kurasa hazihami. Carlito inafanya hivyo kwa Calibri, na Caladea kwa Cambria. Ukitaka Times New Roman na Arial zenyewe, kuna kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer kinachozipakua. Tatizo ni mafaili mapya: Office za karibuni zinatumia Aptos kama fonti ya kawaida, na hiyo haina mbadala wa vipimo sawa ndani ya Linux. Faili la namna hiyo likifunguka, aya zinasogea, jedwali linakatika katikati ya ukurasa, na orodha ya yaliyomo inadanganya namba za kurasa. Suluhisho letu lilikuwa karatasi ukutani: LETA PDF. Word ya kwenye simu inatoa PDF, Google Docs inatoa PDF. Mteja akija na docx ya kuprinti tu, tunamwonyesha ukurasa wa kwanza na wa mwisho kwenye skrini kabla hatujabonyeza chochote.

Kwa tasnifu tuna sheria nyingine, na sitailegeza. Faili lililoanzia Word linamalizikia Word. LibreOffice inasoma maoni ya msimamizi na masahihisho yaliyofuatiliwa, inaonyesha nani kafuta nini, na kwa kurasa chache inatosha kabisa. Lakini faili la kurasa mia, lenye milinganyo, vichwa vya ngazi tatu na marejeo ya EndNote, likienda na kurudi kati ya programu mbili mara kadhaa, kitu kitavunjika. Mwanafunzi anayeanza leo namshauri atumie Zotero, programu ya kupanga marejeo kama EndNote, maana inafanya kazi na Word na LibreOffice vilevile, na haina malipo.

Kadi ndizo zilizoniumiza. Tulikuwa na mafaili ya Publisher ya miaka mingi: send-off, harusi, ubatizo, maulidi, arobaini. Draw, programu ya kuchora ya LibreOffice, inafungua faili la pub, yaani la Publisher, lakini kwa kadi iliyopambwa matokeo si ya kutegemea. Mama mmoja alikuja kuongeza kadi za mwaliko za binti yake, kadi tuliyomtengenezea wenyewe. Tulipoifungua, maandishi yalikuwa yamepandana na picha ya maharusi imeshuka chini ya mstari wa mavazi. Akasema kwa upole, "Mwanangu, kamati inakaa leo jioni." Tukaiandika upya yote kwa kuangalia nakala aliyokuja nayo mkononi, tukamaliza giza limeingia, na sikumtoza chochote. Usiku ule nilifikiri kwa dhati kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Kilichonizuia ni habari kwamba Microsoft yenyewe inaachana na Publisher: msaada wake unakoma Oktoba 2026. Mafaili yale yangebaki bila mwenyewe hata kama ningekaa Windows maisha yangu yote. Sasa kadi mpya zote tunazitengeneza Inkscape, ambayo ni programu huria na inafanya kazi kwenye Windows pia. Inataka subira mwanzoni, halafu inakupa kadi safi kuliko Publisher, hasa kwenye maandishi yaliyopinda na mapambo ya pembeni. Kila kadi iliyokamilika tunaihifadhi mara mbili: faili la kazi, na PDF ya kuprinti. Tungekuwa na tabia hiyo ya PDF tangu zamani, yule mama angepata kadi zake papo hapo.

Picha za pasipoti zimehamia GIMP, programu huria ya kuhariri picha, bila kelele. Tuliandaa faili moja lenye vipimo, mtu anabandika uso, anarekebisha mwanga, anaprinti. Photoshop haina toleo la Linux, na mwenye kazi nzito ya usanifu asidanganywe kwamba GIMP itampa kila kitu. Kwa picha za pasipoti inatosha na kusaza.

Programu zilipozoeleka ndipo tukagusa mfumo endeshi. Faili la Linux Mint lina karibu GB 3, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku. Unaliandika kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, unawasha kompyuta ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, na inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Kaa humo kwanza. Fungua tovuti zako zote, chomeka skana, chomeka printa, printi, sikiliza sauti, jaribu WiFi. Kompyuta moja ilikuwa na kifaa kidogo cha WiFi cha USB ambacho hakikutambulika kabisa, tukakibadilisha kwa waya. Ni afadhali kujua hayo ukiwa bado na njia ya kurudi.

Printa ndiyo ya kuangalia kuliko vyote. Yetu ya matangi ya wino ilijitambulisha yenyewe, na skana yake ikafanya kazi. Ya leza, ya zamani kidogo, ilitema karatasi zenye alama zisizosomeka. Mtengenezaji wake hakuwahi kutoa driva, yaani programu ya kuiunganisha printa na kompyuta, ya Linux kwa modeli ile. Kabla hujanunua au hujahama, tafuta modeli yako kwenye orodha ya OpenPrinting, na ukinunua mpya chagua inayotumia AirPrint au IPP Everywhere, kwa kuwa hizo hazihitaji driva. Fundi wa mtaani atakuambia zote ni sawa. Si sawa.

Kabla ya kufuta Windows tulinakili mafaili kwenye diski ya nje, na nakala nyingine kwenye kompyuta ambayo bado haijaguswa, kisha tukafungua baadhi yake kuhakikisha nakala ni nzima. Kwenye laptopu, angalia pia kama BitLocker, kufuli la Windows la diski, imewashwa na uwe na ufunguo wake, la sivyo mafaili yako utayaona kwa mbali tu. Kwa kipindi tuliacha mifumo miwili kwenye mashine moja, na hapo tukakutana na jambo lililotutia wasiwasi bure: ukitoka Linux ukaingia Windows, saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Windows inaandika kwenye ubao wa kompyuta saa za Afrika Mashariki, Linux inaandika saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na tofauti yetu na UTC ni hizo saa tatu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inamaliza ugomvi huo. Zima pia Fast Startup ya Windows, vinginevyo Linux itaisoma diski ya Windows lakini itakataa kuandika ndani yake.

Wakati wa kuhama una uzito wake. Mashine ya kwanza tuliibadilisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiwa wanakabidhi ripoti. Foleni ikafika barabarani, binti akachanganyikiwa, na wateja wengine wakavuka kwenda duka la pili na hawajarudi. Zilizofuata tulizibadilisha likizo, vyuo vimefungwa, na hakuna aliyejua kitu kimetokea. Mwenye shule asubiri Desemba. Mhasibu asiguse kitu mwisho wa mwezi.

Kuhusu fedha: kila kompyuta niliiwekea SSD, yaani diski ya kasi, ya GB 240 kwa kama elfu hamsini, na RAM ya GB 4 ya nyongeza kwa kama elfu ishirini. Ongeza diski ya nje, mabando, muda wa ziada wa binti na wateja waliopotea. Bado ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Na niwe mkweli hapa: watu wanaosifia kasi ya Linux mara nyingi wanasifia SSD. Hata Windows ileile ingeamka haraka kwa SSD. Kasi peke yake isiwe sababu yako ya kuhama.

Kuna faida mbili ambazo steshenari inazipata mara moja. Ya kwanza ni flashi. Mnawajua wale vairasi wa shotikati, wanaoficha mafolda na kuweka alama za kudanganya mahali pake. Mwanafunzi anakuja analia, ripoti imepotea. Ndani ya Linux mafolda yake halisi yanaonekana pale pale, maana kule kufichwa kwa Windows hakuna nguvu huku. Tunafuta zile shotikati, tunamrudishia kazi yake. Ila kompyuta ya Linux isiyougua inaweza kupitisha faili lenye ugonjwa kwenda kwa mwenye Windows, kwa hiyo bado tunasafisha flashi kabla ya kumkabidhi mtu.

Ya pili ndiyo iliyonirudishia amani. Linux Mint inaruhusu kikao cha mgeni. Unakiwasha kwenye mipangilio ya Login Window, sehemu ya Users. Mteja anakaa, anafungua barua pepe yake, anapakua cheti, anajaza fomu, na akitoka kila kitu kinafutika: mafaili, nywila, historia ya kivinjari. Zamani folda ya Downloads ya dukani kwangu ilikuwa na NIDA za nusu ya mtaa. Nilipoisafisha wakati wa kuhama niliona aibu kwa kiasi cha siri za watu kilichokuwa kimelala mle, wazi kwa yeyote aliyekaa kwenye kiti. Kama hutahama kabisa, angalau leo jioni ifute folda hiyo.

Imebaki kompyuta moja ya Windows. Ni ya kizazi cha nane, nimeinunua, ina Windows 11 na Office zenye leseni halali. Sababu yake kubwa ni mwalimu wa taaluma wa sekondari moja, anayekuja na Excel yenye vitufe vya kukokotoa pointi na daraja la kila mwanafunzi. Alipoifungua kwenye Calc, programu ya LibreOffice inayofanana na Excel, vitufe vilikuwa kimya. "Mama, matokeo yanabandikwa kesho," aliniambia. Makro, yaani amri zinazoendesha vitufe hivyo, zilizoandikwa kwa ajili ya Excel hazifanyi kazi zote ndani ya LibreOffice, na si haki kumlazimisha mwalimu aandike upya mfumo wa shule nzima kwa sababu ya uamuzi wangu. Ile printa ya leza nayo imechomekwa hapo, na tunaitumia kwa kutupia PDF kwenye folda la pamoja. Wenye QuickBooks au Tally ya kwenye kompyuta nao wajipangie hivyo hivyo: mashine moja halali kwa kazi hiyo, nyingine zote zihame.

Apdeti zinakuja kila mara, na ni vizuri ziwekwe. Mfululizo wa Mint 22 tunaoutumia utahudumiwa hadi 2029. Kabla ya apdeti kubwa tunachukua picha ya mfumo kwa Timeshift, na ilishatufaa pale umeme ulipokatika katikati ya apdeti na mashine ikagoma kuwaka sawasawa. Tuliirudisha ilivyokuwa jana yake, kazi ikaendelea. Ile skrini nyeusi ya kuandika amri, inayowatisha wengi, binti hajaihitaji hata mara moja kwa kazi zake.

Kazi iliyobaki ni kadi za zamani. Kila jioni kabla ya kufunga tunafungua chache kwenye ile kompyuta ya Windows, tunazitoa PDF, na zile zinazoombwa mara kwa mara tunazichora upya Inkscape. Binti ndiye anayesimamia hilo, na mwenye duka la jirani ameshamwomba akamfundishie kijana wake. Nimemwambia atoze, na asianze na flashi ya Linux, aanze kwa kumwomba huyo kijana daftari.